Siku Kanisa Nzima Ilipigia Ini Yangu Makofi

Bandugu, muniache nicheke mimi mwenyewe kwanza, juu haya haina tena pa kujificha, kijiji yetu nzima ya Kabuta, hapa kando ya ziwa, inaijua hii mambo, na hata leo nikipita karibu na kanisa yetu masikio inaniwaka moto na ninaharakisha miguu kama mutu aliyesahau chungu kwenye moto. Lakini mukitaka niwaelezee, nitawaelezea, na mutaona kama yote ilianzia kwenye neno moja dogo, tumbo.

Mimi ni mama Chantal. Nauza chisense, wale samaki wadogo wakavu, na muzee wangu, baba Chantal, anavuka ziwa na mashua kwenda Kilwa kwetu Congo kubeba unga na sabuni. Mutoto tuko naye mumoja tu, Chantal, na yeye sasa ameolewa, ni bibi ya mutu. Mwaka jana mutoto wa jirani alipata ajali ya kinga, ndiyo baiskeli, wakaomba damu pale hospitali ya Nchelenge, nikasema chukueni yangu, mimi niko na nguvu kama ng'ombe. Wakapima. Wakaikataa ile damu yangu (nilikasirika, nikafikiri wanabagua damu ya Wakongomani), kisha wakanirudisha, wakanipima mara ya pili, na docta akaniita mu biro akaniambia niko na virusi ya ini, ile wanaita hepatite C, na ile kipimo ya pili imeonyesha kama virusi iko muzima inafanya kazi.

Nikamuuliza, "Docta, nitakufa?"

"Si leo wala kesho," akasema. "Ini yako haijaharibika bado, ndiyo sababu nataka uanze sasa. Kidonge kimoja kila siku, karibu miezi tatu, na watu wengi wanapona kabisa. Lakini pombe uache. Na usikuwe na mimba, wala usibebe mimba ukiwa kwenye ile dawa."

Hapo kwenye mimba nikacheka sana, mimi na miaka yangu arobaini na sita!

Bon. Dawa haikuwa pale, ilipaswa kuagizwa mbali, na sista Mutale, yule muuguzi Mubemba anayesikia Kiswahili juu ya kufanya biashara na siye, akaniuliza tuagize? Nikasema muagize, ikifika tutaona. Mulisikia? Tutaona! Moyoni nilikuwa na mambo mingi. Siumwi popote, nabeba beseni ya samaki kutoka pwani mpaka barabarani, sasa nianze dawa ya nini? Na ziwa ilikuwa imefungwa, serikali imekataza kuvua, karibu kufunguliwa, na ziwa ikifunguliwa hakuna mutu anayelala, nani ataniuzia samaki kama dawa inanipiga chini? Na watu je? Ukisema ini, mumoja atasema umelogwa, mwingine atakataa kula sahani moja na wewe. Donc nikanyamaza, hata muzee sikumwambia, nikasema kila siku nitaamua kesho, na kesho ikawa inazaa kesho zingine.

Ndipo ikafika ile karamu ya mahari ya shemeji yangu kwa mama mukwe. Mama mukwe wangu ni mutu wa sauti, akikuita Kabuta mutu wa Chienge, kule mbali, anageuka. Chungu ya katubi ikawekwa katikati, ile pombe ya ulezi ya moto, yeye mwenyewe akanipatia murija kwa mikono mbili. Nikasema asante mama, sitakunywa. Akanitazama, juu anajua mimi na katubi tunapendana.

"Juu ya nini?"

"Docta amenikataza."

Akasogea karibu, akapunguza sauti (kwa mara ya kwanza tangu nimujue), "Mutoto wangu, ni tumbo?"

Sasa nyinyi munajua, ini iko wapi? Si iko mu tumbo? Nikasema, "Ndiyo mama, ni mambo ya tumbo, lakini usiseme kwa watu."

Yesu wangu! Yule mama alitupa murija, akapiga vigelegele mpaka kuku zikakimbia, akanishika kichwa akalia machozi, na ndipo nikaelewa ni tumbo gani yeye anasema. Miaka yote tangu Chantal alikuwa anaomba Mungu amupatie mujukuu mwingine kwa kifungua mimba wake, muzee wangu. Ningesema palepale, hapana mama, si ile tumbo. Sentensi fupi tu! Lakini nikaona ile uso yake inavyong'aa, na wageni wote wananitazama, nikajiambia nitamueleza kesho wakiondoka. (Ile kesho yangu tena.)

Kabla ya jua kuzama alikuwa amemupigia muzee wangu simu kule Kilwa.

Asubuhi yake sikuweza tena kubeba beseni yangu. Vijana wa kinga walinikatalia, mama acha, siye tutabeba, bila kulipa. Bamama wakaniletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na karanga, mumoja akaniletea pemba, ule udongo mweupe wenye mimba wanapenda kutafuna, akasimama mbele yangu anangojea, na mimi, niwaambie ukweli wa Mungu, nilitafuna. Na nikasema ni tamu! Na kibaya zaidi, ile heshima ilianza kunipendeza, mutu ananipatia kiti, mutu ananipoza na kitenge, nikawa natembea na mukono kwenye kiuno kama mimba iko kweli.

Siku ya Mungu ikafika. Niko mu kanisa kwenye benchi ya bamama, katekista anasoma matangazo, tukasikia kelele inje, mutu anaimba, mulango ukafunguka, ni baba Chantal! Ametoka kwenye mashua moja kwa moja, suruali imelowa mpaka magoti, na kwenye kichwa amebeba beseni ya plastiki ya rangi ya waridi, ile ya kuosha mutoto muchanga, anacheza nayo kutoka mulangoni mpaka mbele, nyuma yake mama mukwe anamupepea na kitambaa. Kanisa ikalipuka. Ngoma ikapigwa bila mutu kuiomba. Katekista akatuita mbele, akasema Mungu aliyemukumbuka Sara muke wa Abrahamu katika uzee amefika pia Kabuta (uzee! na mimi nimepaka kucha rangi), na kwaya ikashuka kutuzunguka.

Na mu kwaya ni nani anaimba sauti ya pili? Sista Mutale.

Akanifikia akicheza, akanikumbatia, na mu sikio yangu akanena polepole, mutu mwingine asisikie, na ile heshima ya Babemba: "Mukwai, dawa yenu imefika juzi. Sasa kama iko hivi, haiwezekani kuanza. Docta atangojea mpaka muzae, na mambo ya kunyonyesha pia mutaongea naye."

Bandugu, sijui niwaelezee namna gani. Siku zote hizo nilikuwa naikimbia ile dawa, na ile dakika nasikia inaondolewa kwangu, moyo ukapiga kama mashini ya mashua, nikaona miaka inapita na kile kidudu kinakula ini yangu pole pole na mimi ninangojea mutoto asiyekuwa popote! Niliitaka ile dawa. Niliitaka sasa, hata mbele ya ibada kuisha. Nikapaza sauti:

"Hapana! Sina mimba!"

Ngoma ikakatika. Beseni ikashuka kutoka kichwa cha muzee wangu polepole. Akaniuliza na sauti ndogo ya huruma, "Mama Chantal... imetoka?"

Mama mukwe akasikia hiyo "imetoka", akajitupa chini, akaanza kilio, bamama wote wakafungua vitenge wakajifunika kichwa, uuuwi, mutoto wetu, uuuwi, na katekista akaanza sala ya wafu! Ile kanisa iliyokuwa inacheza sasa inaomboleza, juu yangu mimi, na pemba ingali kwenye meno. Nikapanda kwenye benchi.

"Haikutoka! Haikuingia! Hakuna mutoto! Ni ini! Ini yangu iko na virusi, na dawa imefika, na nataka kuianza kesho!"

Mama mukwe akainua kichwa kutoka chini.

"Ini?"

"Ini, mama. Munisamehe. Nayo iko mu tumbo."

Nilingojea wanitoe. Baba Chantal alinitazama, akatazama beseni, akanitazama tena, na sikujua atalia ao atanipiga na ile beseni, lakini aliuliza kitu kimoja tu: "Inapona?"

Nikamugeukia sista, nikamwambia sema, nakuruhusu, mimi nguvu imeisha. Akasema inapona, tena vizuri, na hatuambukizwi na kula pamoja wala kusalimiana, ni damu kwa damu, kama wembe ao sindano ya mutu mwingine. Ndipo muzee wangu akarudisha beseni kwenye kichwa, akasema, "Basi ngoma inanyamaza juu ya nini?" na akapiga makofi peke yake. Kisha watoto wakapiga. Kisha kanisa nzima, ini yangu ikapigiwa makofi na vigelegele kama imeolewa, na mimi bado niko juu ya benchi natamani paa inifunike.

Nilianza dawa kesho yake kweli, baada ya sista kunipima mimba (alisema ni utaratibu, lakini alicheka). Ziwa ikafunguliwa, nikauza samaki wangu na kidonge tumboni, kichwa iliniuma siku za kwanza tu. Muzee wangu akapimwa, hana kitu. Nilipomaliza, wakaningojesha tena kidogo, wakapima, na docta akaniambia virusi haionekani, nikapiga kelele mu ile koridori mpaka mulinzi akaja mbio.

Sasa juzi asubuhi mama mukwe akanifikia, amejifunga kitenge kipya. Anataka naye apimwe, juu zamani kule Pweto walichomwa sindano kijiji nzima na sindano moja. "Lakini watu wakiuliza," akasema, "tuseme tunaenda kuuza muhogo."

"Mama, hapana," nikamwambia. "Mimi sidanganyi tena. Niliapa, mutu akiniuliza naumwa nini nitataja kile kiungo kwa jina yake, na nikikosa jina nitaonyesha na kidole."

Akanuna. Tukatoka. Hatujafika hata barabarani, jirani akapaza sauti, bamama, munaenda wapi mapema hivi? Mimi nikafungua kinywa, lakini yeye alishanitangulia, na ile sauti yake munaijua:

"TUNAENDA KUPIMA INI! NA SI MIMBA!"