Siku Walipouliza Ukoo Wetu

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, maana nilijibanza nyuma ya mlango nikisikiliza. Wazee wa mchumba wangu walikuwa wameshuka kutoka Mlalo, kule milimani, kuleta posa. Baba alishatuonya sote: wakiuliza ukoo, tuseme sisi ni Wabondei wa Muheza. Wengi hapa mjini kwetu walisema hivyo. Nani alitaka kuitwa mjukuu wa mtumwa?

Kweli wakauliza. Baba yake mchumba, mzee mpole wa maneno machache, alisema, "Tungependa kujua wazee wenu walitoka wapi."

Baba akakohoa. Kabla hajajibu, bibi yangu akaweka kikombe chini.

"Mama yangu alikamatwa mtoni akiwa mtoto," alisema. "Alipoachwa huru hakujua tena kwao ni wapi. Yeye na wenzake ndio waliofyeka msitu hapa wakajenga mji. Ukoo wetu unaanzia hapo."

Wageni wakaaga, wali haujaguswa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, mjukuu wangu. Mama aliacha kwenda gulioni. Baba hakusema na bibi. Kila gari likisimama barabarani, nilichungulia. Mwisho nikamwuliza bibi kwa nini ameniharibia posa yangu.

"Ungeishije na watu unaowaogopa?" akanijibu, akaendelea kupepeta mchele wake.

Kisha yule mzee akarudi, peke yake. Akamwamkia bibi shikamoo, akakaa, akainamisha kichwa.

"Mama, uliposema vile nilishindwa kula. Babu zangu walikuwa wakikamata watu na kuwapeleka Pangani kuuzwa. Nyumbani jambo hilo hatulizungumzi. Nimekuja kuuliza kama bado mtatukubali."

Bibi akageukia mlangoni. "Wa kuulizwa ni binti," akasema.

Nikaitwa. Nilikubali, na ndivyo nilivyoolewa na babu yako.

Sasa Jumamosi wageni wako wa posa wanakuja, nawe umenisihi niwatajie ukoo wa kuazima. Hata mimi naogopa. Siwezi kukuahidi kwamba wakiondoka watarudi. Lakini usiingie kwenye ndoa na jambo la kulinda kila anapokuja mgeni, kila mtoto anapouliza. Waliojenga mji huu hawakumkosea mtu. Wataje mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla hujaulizwa.

Mungu akutie nguvu siku hiyo, mjukuu wangu, na akupe nyumba ambayo hutahitaji kunong'ona ndani yake.