Nilimfunga Kulwa kwa kanga, kumbe wa kuangaliwa alikuwa Doto

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, wengine mambo vipi. Hii ni kweli tupu, na mjinga wa kwanza ndani yake ni mie mwenyewe.

Nilimfunga mdogo wangu kwenye kiti cha plastiki kwa kanga ya mama ili amalize homework.

Halafu nikamrekodi.

Niko form three, tunakaa Gongo la Mboto. Nina wadogo zangu mapacha wa miaka minane, wako la tatu. Kulwa wa kiume, huyo hatuliagi, akikosa cha kupanda anapanda mlango. Doto wa kike, mpole mpaka wageni wanamsahau sebuleni.

Siku hiyo nilikuwa nimesoma mtandaoni kuhusu ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia au kuweka akili kwenye kitu kimoja, nikajipa udaktari. Nikasema Kulwa anayo, dawa yake ni kanga. Jamaa akanyanyuka na kiti chake mgongoni, akazunguka nacho sebule nzima kama konokono. Video ya dakika nne nikaitupia grupu la familia.

Watu wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Huyu ni mdogo wake mama, mwalimu wa elimu maalumu, anakaa Boko. Akanipigia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umemaliza kucheka?"

"Bado kidogo."

"Basi iangalie tena. Kulwa muache. Angalia aliyekaa nyuma yake."

Nikairudia. Nyuma ya konokono kuna Doto, penseli mkononi, daftari wazi. Dakika nne nzima hajaandika hata namba moja. Wala Kulwa hamtazami. Anatazama pazia.

Hapo ndo nikaanza kupata hamu ya kujua, maana Doto alikuwa pabaya. Mwalimu wake alishamwambia mama kwamba mwakani Kulwa anaingia la nne, Doto arudie la tatu. Mama akakubali. "Huyu ni mpole, ila kichwa kizito," alisema, na Doto yupo hapohapo anasikia.

Mama mdogo akanipa kazi. Wiki mbili niandike ninachokiona kwa wote wawili, nisiandike ninachokiwaza. Na utani niuweke mfukoni. Hiyo ya mwisho ndo iliniumiza.

Kulwa akanishangaza. Mpira ukimsubiri nje, homework anamaliza chap. Nikaenda kumuuliza mwalimu wao, akasema darasani anamaliza wa kwanza, kisha ndo anaanza kuwasumbua wenzake. Yaani ana utundu tu, kama wangu.

Doto sasa. Anatumwa chumvi dukani, anarudi bila chumvi, ila anajua paka wa muuza duka kazaa wangapi na yupi kipofu. Penseli tatu kwa wiki. Ndala moja mpaka leo hatujui iliko. Hesabu ya kwanza kapata, ya pili kapata, ya tatu nafasi tupu. Mwalimu naye akasema ubaoni Doto ananakili nusu, "lakini hanisumbui."

Nikamuuliza, "Doto, kwani huwa unawazaga nini?"

Akafikiri kweli. "Naanza kuwaza hesabu. Halafu nasikia cherehani ya jirani. Halafu nawaza hiyo nguo ni ya nani. Nikirudi, mwalimu kashafuta ubao."

Wakuu, hayo niliyaandika kwenye daftari neno kwa neno.

Daftari langu likaenda hospitali pamoja na mama, Doto na barua ya mwalimu. Daktari hakukurupuka. Kwanza akapima masikio na macho. Akauliza imeanza lini, inatokea nyumbani tu au na shule, imezidi miezi sita au ni ya juzi. Waliporudi mara ya pili ndo akasema ni ADHD, ile ambayo miguu imetulia ila umakini ndo unaopotea. Akasema wasichana wengi wanapitwa hivyohivyo, kwa sababu hawavunji kitu.

Sasa Doto anakaa dawati la mbele. Homework tunaikata vipande, robo saa, anazunguka nyumba, robo saa tena. Mwalimu kakubali suala la kurudia darasa lisubiri kwanza. Jana hesabu ya tatu aliifanya. Kakosa, ila kaifanya.

Nilichojifunza: mtandao unaweza kukufanya ushtuke, usikufanye daktari. Na mtoto asiyekusumbua naye muangalie. Wenye watoto wapole, au nyie mliokuwa mnaitwa wazito shuleni, semeni hapa ilikuwaje kwenu, mie nasoma zote.

Najua mtauliza mama alisemaje. Tulikuwa uani, hospitali wamesharudi, anamsuka Doto. Alipofunga msuko wa mwisho, ndo akasema hivi:

"Nilimwita mpole kwa sababu alikuwa ananipumzisha. Kesho kwenye homework utakaa naye wewe. Na kanga yangu uifue."