Kiraka cha Ugali

Kuna muziki wa kizungu wanaouita granji, gitaa linanguruma na kukwaruza utadhani limeamka na hasira. Mara ya kwanza nilipousikia kwenye simu nilicheka peke yangu. Sauti ile ilikuwa yetu! Baba alikuwa akiitoa kanisani Kasulu kila Jumapili, kwa gitaa la kuungaunga, betri ya sola iliyochoka na spika yenye kiraka, huku mama akiimba sauti ya pili pembeni yake.

Baba alipofariki, mama aliacha kwaya. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, hata jikoni hakuimba tena. Ukimya ule ulinitesa kuliko msiba wenyewe. Nikajiambia, nikiirudisha sauti ya lile gitaa, labda na ya mama itarudi.

Waya wa spika ulikuwa umekatika. Shemeji yangu, aliyekuwa akipeleka maharage Kibondo, akaibeba hadi kwa fundi mmoja wa pale sokoni. Ikarudi inang'aa. Fundi, kwa wema wake, alikuwa amebandua karatasi ya zamani ya spika, ile yenye kiraka, na kuweka mpya. Nikampigia simu.

"Fundi, ile karatasi ya zamani iko wapi?"

"Ile takataka? Nimeshaichoma, kaka. Sasa ndiyo una spika!"

Ningemfanya nini? Nikashukuru, nikakata simu, nikafoka peke yangu kama mwehu. Spika ililia safi, laini, ina adabu zote kama kijana aliyekuja kuposa. Nikafungulia amplifaya mpaka mwisho. Zikaja kelele tu. Nikajaribu programu ya simu, ikatoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mwishowe nikachukua wembe nikaichana ile karatasi mpya. Ikabaki kupapatika.

Mama alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Akatoka na mwiko mkononi, akaitazama spika.

"Umechana, hukubandika," alisema. "Nani alikwambia baba yako alikuwa anapigia spika yenye tundu?"

"Kwani kile kiraka kilibandikwa na nini?"

"Na ugali huu huu, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa kikwetu. "Mimi ndiye niliyebandika."

Akakata kipande cha mfuko wa saruji, akakipaka ugali wa moto, akakikandamiza juu ya mpasuko kwa kidole gumba, kisha akaniamuru nianike spika juani. Mimi nahangaika na wembe na simu, kumbe dawa iko kwenye sufuria!

Ugali ulipokauka ukafanya nyufa ndogondogo. Nikaunga betri ileile iliyochoka, nikapiga. Kiraka kikatetemeka, na ile ngurumo chafu ikajaa uani mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Nusura nilie kwa furaha. Nikaendelea kupiga, sikuthubutu kugeuka.

Nyuma yangu sauti ya pili ikaingia. Ilikuwa imekauka kidogo, inapapasa njia. Tulienda pamoja mpaka mwisho wa ubeti, kisha ikakatika, na mimi nikaacha kupiga.

"Unakimbia," mama alisema. "Baba yako hapo alikuwa ananisubiri. Rudia."

Nikarudia.