Mke wa Kwenye Katuni Agombea Uenyekiti

Kiangazi kile Mwaloni, soko letu la dagaa pale Kirumba, palinuka dagaa wanaokauka juani, mafuta ya kukaangia na karatasi kuukuu. Karatasi zenyewe zilikuwa magazeti ya katuni, ambayo mama aliyanunua kwa mafungu ili afungie dagaa wa kukaanga. Kabla hayajachanwa, kazi yangu ilikuwa kuyasoma kwa sauti, maana nilikuwa darasa la nne na wanawake wengi pale kwenye vichanja walisema herufi zinawachosha macho. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawasomea huku wakigeuza dagaa, upepo wa ziwa ukinifunulia kurasa kabla sijamaliza.

Katuni za mwanzo zilifanana: mume mlevi anarudi, mke anamsubiri na sahani. Walicheka kwa mazoea. Kisha, katika fungu jipya, mke yule yule akaweka sahani chini, akavaa viatu, akaenda kuchukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Vicheko vikakatika. "Ee, huyu mchoraji kala nini?" akauliza Mama Ngollo, jirani yetu mwenye ulimi kama miba ya sato. "Mumewe atapikiwa na nani?" Mchoraji hakuwa ameutangulia wakati sana, hata redioni wanawake walishaanza kutajwa majina kama wagombea. Ila kwetu kiti cha mwenyekiti wa wauza dagaa, tangu kiwepo, kilikaliwa na mwanaume, japo wauzaji karibu wote walikuwa wanawake. Kilikuwa kinagombewa wiki ile ile, na mama alikitaka. Nilijua kwa sababu nilimsikia akilihutubia karai la mafuta.

Basi kila nikisoma, anauliza, "Enhe, wakamwambiaje?" Nikamsomea yule mke alivyozomewa mkutanoni, mumewe alivyonuna, kura zilivyoanza kuhesabiwa. Kufunua, ukurasa wa mwisho haupo! Mama Ngollo alikuwa ameuchana asubuhi akamfungia dagaa abiria wa kivuko cha Kamanga. "Sasa tutajuaje kama alishinda?" nikauliza, machozi yakinilengalenga.

Mama akafuta mikono. "Hata akishinda yeye, mimi nitakuwa bado sijagombea."

"Mama Kabula, watakucheka!" akasema Mama Ngollo.

"Wacheke. Kwani hapa huwa mnalia?" Akaenda kuandikisha jina.

Alishindwa. Mama Ngollo alimpigia kura mwanaume, akamwambia mama wazi, tena huku akimwomba chumvi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mama alikubali, akampa chumvi, uchaguzi uliofuata akagombea tena, akakipata kiti.

Siku hizi katuni zinakuja kwenye simu. Asubuhi bei ya mafuta inapanda, mchana imeshachorwa na kijana wa mtaani, na kila mtu anacheka peke yake, jambo ambalo mimi silipendi sana. Juzi kundi la soko lilituma katuni ya mwenyekiti mwenye kitambi na miwani nyeusi, anasinzia mkutanoni huku dagaa wa watu wakilowa mvua. Zamani waliochorwa hivyo walikuwa wanaume tu. Huyu alikuwa amevaa kanga. Nikataka kuificha, mama akaninyang'anya simu, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Ukubwa jalala," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Kitambi wamenisingizia. Ila la mvua ni kweli." Akanirudishia simu, akainuka kwenda kutafuta maturubai.