Hatujamaliza Kusalimiana

Nilifika Mwanza kwa uchovu, si kwa mpango. Nilitoka Tanga nikiwa nimekata mkonge mpaka nikauchukia, nikapita Morogoro, nikapakia vitunguu Singida kwa msimu mmoja, kisha nikapanda basi lililotuharibikia kabla ya Nzega. Jirani yangu kwenye kiti ndiye aliyenipa sababu ya kuendelea mbele. Alisema huko ziwani kuna viwanda ambako samaki anachunwa asubuhi, na jioni yuko kwenye ndege anaenda Ulaya.

"Na wanaomchuna?" nikamuuliza.

"Hao wanabaki."

Tukacheka. Niliteremka Buhongwa alfajiri, nikayaona yale mawe makubwa yaliyobebana juu ya vilima, nikajiambia hapa nitakaa. Nimejiambia hivyo kwenye miji mingi, lakini Mwanza ndiyo ninayoiota mpaka leo: chumba changu cha Pasiansi, kelele za ndege juu ya bati, na upepo wa ziwa ulioingia hata kama dirisha limefungwa.

Kiwandani tulikuwa vibarua. Hata mwenye miaka mingi pale alikuwa kibarua wa siku ile tu. Kila asubuhi tulijipanga getini, msimamizi akatoka na kutuonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Kidole chenyewe kilitegemea watu tusiowajua. Tuliijua kalenda ya Ulaya bila kufika huko. Kwaresima Wazungu walikula samaki sana, na geti likameza watu wengi. Bei ikishuka kwao, au wakipata samaki wa kufugwa wa nchi nyingine kwa bei rahisi, sisi tulirudi nyumbani kabla jua halijapanda.

Kwenye meza yangu nilikaa na mama mmoja wa Ukerewe tuliyemwita Shangazi. Yeye alichuna ngozi, mimi nilitoa mifupa iliyobaki kwenye minofu. Siku moja mwiba wa sangara ulimchoma kiganja cha kulia. Akawa anakizamisha kwenye barafu ili asisikie maumivu, na anaendelea na kazi. Mkono ukavimba mpaka glovu ikawa inaingia kwa shida. Alipoomba kiwanda kimpeleke hospitali, msimamizi alimwambia, "Mama, wewe hapa si mwajiriwa. Ukiugua, ugulia kwako."

Ndipo tukasikia wanunuzi wa Ulaya wanamleta mtu wa kukagua hali za wafanyakazi. Ilisemekana huko kwao watu hawataki kula samaki aliyechunwa na mtu anayeonewa. Tukagawiwa glovu mpya na aproni nyeupe. Meza yetu ikakubaliana: wakifika, atasema Shangazi, na mkono atauonyesha. Mgeni akiuona, kiwanda hakitakuwa na pa kukimbilia, watamtibu.

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa uso, na mkalimani wake alitoka Dar. Msimamizi aliambiwa abaki mlangoni. Nafasi ilikuwa yetu kabisa.

"Shikamoo mama," mkalimani akasema. "Mgeni anauliza, habari za kazi?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Shangazi akasubiri aulizwe zaidi. Kwao Ukerewe, kama kwetu wengi, hata aliyefiwa hujibu nzuri kwanza. Ataulizwa watoto, ataulizwa mvua, na salamu zikiisha ndipo anasema kilichompata. Kumpokea mgeni kwa shida ni utovu wa adabu. Lakini mkalimani alitafsiri neno lile moja, mgeni akatabasamu, akainua dole gumba, wakahamia meza ya pili. Huko nako wakajibiwa nzuri. Niliita, "Samahani, hajamaliza!" Mashine ya barafu ilinguruma, hakuna aliyegeuka ila msimamizi.

Shangazi alikuwa bado ameshika ncha ya glovu, tayari kuivua.

"Wamekwenda wapi? Mbona hatujamaliza kusalimiana?"

"Ungeanza na mkono!" dada mmoja akamrushia kutoka meza ya nyuma.

"Nianze na mkono? Mimi ombaomba?"

"Haya, kapakae adabu zako kwenye kidonda."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akaivuta glovu, akaendelea kuchuna.

Alipomfuata tena msimamizi, jibu lilikuwa tayari. "Mwenyewe umesema kazi nzuri. Mgeni amesikia. Unataka nimwambie wewe ni mwongo?" Kesho yake kidole kilimruka, na keshokutwa pia. Hata hivyo hakuacha kuja, mkono kaufunika kwa kanga. "Wakinichukua hata kufagia," aliniambia, "nikiwa ndani naweza kudai. Nikiwa nje mimi mpita njia tu."

Asubuhi moja msimamizi akanionyesha nafasi ya Shangazi mezani.

"Chuna hapa. Wa hapa hayupo."

"Yupo getini."

"Nilikusikia ukimwita mgeni siku ile. Chuna."

Nikakishika kisu chake. Mpini ulikuwa umezungushiwa kitambaa ili ujae vizuri kwenye kiganja kisichofumba. Nilichuna samaki mmoja, vibaya. Nikavua aproni, nikatoka.

"Umesahau nini?" Shangazi akaniuliza nje.

"Sijasahau kitu. Naondoka."

"Una wazimu? Rudi kabla hawajakuona!"

Mlinzi alishaona. "Mmoja!" akapaza sauti. "Anatakiwa mmoja!"

Wote waliokaa nje wakisubiri kazi wakasimama. Shangazi naye akasimama, akausukuma mkono ndani zaidi ya kanga, akanyoosha mgongo kama msichana. Nikamwomba mlinzi amchukue yeye.

"Wewe si wa hapa tena," akanijibu, akamnyooshea kidole kijana mwenye mabega mapana. Geti likafungwa.

Shangazi akarudi kukaa. "Basi nenda," akasema. "Wewe una mahali pengine."

Sikuwa na mahali pengine. Lakini mchana ule nilikuwa Buhongwa, nikapanda basi la Shinyanga.