Siku Bibi Alipompigia Mwalimu Magoti

Asubuhi ya Idd iliyopita simu yangu ililia mpaka ikapata moto. Picha ileile ya mwezi na taa, kila mtu kanitumia. Mimi ni Mkristo, lakini ukiwa na makarasha manne ya kusaga mawe ya dhahabu hapa Rwamgasa, na nyumba ya ghorofa Katoro, sikukuu zote zinakuwa zako. Nikawa nawajibu kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, nimechoka, hata majina sisomi. Mara akaingia uani mama mmoja mzee, mzazi wa kijana wangu wa karashani, akapiga magoti kwenye vumbi anisalimie. Nikamshika mkono haraka, nikamwinua. Jinsi alivyoniangalia, ndugu yangu! Jicho lile nililijua.

Mimi nililelewa na bibi, kijijini, upande wa Maganzo. Asubuhi michembe, viazi vile vya kukausha, na maziwa ya mgando, kisha kunywesha ng'ombe lamboni, kisha ndiyo shule, miguu ikiwa bado na tope. Na salamu ya bibi ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Anashuka magoti, anapiga makofi polepole, anakusabahi, anauliza mvua, mifugo, wagonjwa. Wewe unajibu moja moja mpaka ziishe, ndipo anainuka. Ukimwinua kabla hujajibu, umemfukuza.

Mwalimu wetu alikuwa dada wa Kiislamu kutoka pwani. Kisukuma hakujua, na bibi Kiswahili hakujua. Mimi nilikuwa na akili, sifichi, darasa zima lilinakili kwangu. Basi mwalimu alipopata uhamisho wa kwenda Shinyanga mjini, alinituma kwa bibi: aniruhusu niende naye, nikaishi kwake nisome. Bibi alikaa na neno hilo siku nyingi. Halafu akasema jibu atalipeleka mwenyewe, siku ya sikukuu ya mwalimu.

Idd ilipofika alifunga jogoo miguu, akambeba mzima mzima, maana alijua Waislamu wanachinja wenyewe. Alijifunga kanga yake ya kanisani. Njiani aliniambia amekubali, na kwamba mtoto hatolewi mtu akiwa amesimama. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwaza ng'ombe wangu. Mjini sikutaka. Niliogopa, basi tu, na sikumwambia mtu.

Nyumba ya mwalimu ilinukia pilau mpaka barabarani. Alitoka akicheka, mikono ina hina. Bibi akaweka jogoo chini, akashuka magoti, akaanza makofi: "Mwangaluka, mayu." Yaani, umeamkaje, mama.

Mwalimu alishtuka kama kaona nyoka. Akamkamata bibi mabega, akamwinua.

"Jamani bibi, inuka. Wewe ni sawa na mama yangu, unanitia dhambi. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Bibi alisimama pale, viganja bado vimekutana. Hakuitika. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kisukuma, "Kasema nini?"

Pale palikuwa na watu watatu, na mimi peke yangu ndiye niliyesikia pande zote mbili.

"Kasema inuka," nikajibu.

Ni kweli alisema hivyo. Yaliyobaki niliyameza.

Bibi alimwacha jogoo, akanishika mkono tukarudi. Pilau hatukuonja. Njia nzima alisema sentensi moja tu: "Mama mkwe wangu hakunipenda, lakini hata yeye alinijibu kwanza." Nyuma yetu mwalimu aliita jina langu mara mbili.

Wanawake wa kijiji waliposikia, maziwa hayakupelekwa tena kwa mwalimu. Siku ya kuondoka alisimama barabarani na sanduku lake akingoja lori, na hakuna aliyekwenda kumuaga. Mimi nilikuwa na ng'ombe karibu tu. Aliponiona akapunga mkono. Nikainama nyuma ya fahali mpaka lori likaondoka.

Shule niliachia darasa la tano. Mengine unayajua: almasi Maganzo, dhahabu huku, mashine, magari. Sijakosa kitu. Watu waliosoma mpaka macho yakaharibika wananiomba kazi.

Lakini salamu zile hakuna tena. Siku hizi hakuna anayeudhika kwa salamu, kwa sababu hakuna anayeweka kitu ndani yake, unabonyeza, imekwenda. Mwalimu nilisikia alifariki huko kwao. Bibi nilimzika mwenyewe, kwa heshima kubwa, ng'ombe wawili walichinjwa. Miaka yote ile alikuwa akisema yule binti wa pwani alimdharau, nami niliitikia, "Ndiyo, bibi." Na mwalimu, nadhani, alikwenda akijua bibi alikataa shikamoo yake. Siku ile kila mmoja alijishusha mbele ya mwenzake kadiri alivyoweza. Mimi niliona, nikanyamaza.