Nilidhani ni Ekseli

Walisema mtoto wa mpasua mbao wa Shume hawezi kufika chuo. Nilifika, nikarudi na diploma ya utabibu, na mifupa ya watoto wa huku milimani naitibu mimi. Lakini juzi niliona kigari cha mbao kikishuka mteremko, harufu ya maranda ikanirudia puani.

Kigari changu cha utotoni nilikichonga mwenyewe. Nilimpakia mdogo wangu Zubeda, nikamsukuma. Kilipopinduka nilisikia mlio, ko! Nikakimbilia ekseli, ule mti unaoshika magurudumu.

“Umenivunjia kigari!”

“Kaka, mkono wangu.”

“Hebu chezesha vidole.”

Akavichezesha huku machozi yakimtoka.

“Si mzima huo? Deka tu! Sukuma twende.”

Nyumbani Zubeda alisema ameteleza mwenyewe. Mama akauchua mkono kwa mafuta, akidhani umeteguka. Mtoto alipiga mayowe, nami niliyesikia ule mlio nikanyamaza.

Mkono uliunga ukiwa umepinda. Sikujua kwamba vidole huweza kucheza hata mfupa ukiwa umevunjika, hilo nimejisamehe. Lakini ekseli nilikuwa nimeikagua kule kule mteremkoni, nikaikuta nzima; nilijua ule mlio haukutoka kwenye kigari.